Madirisha ya bweni la binti yangu yana vyuma: kuna sheria, au ni kuomba tu?

mama_mitumba_thika

Habari zenu. Nauza mitumba Thika, mambo ya sheria siyajui, nimekuja kwa wanaojua.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni ya umma nje ya kaunti yetu. Siku ya wazazi aliniomba nimpelekee shuka ndani, matroni akaturuhusu, na hapo ndipo nikaona wanapolala. Madirisha yote yana vyuma, vimechomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Milango ni miwili lakini unaotumika ni mmoja. Wa pili umefungwa kwa kufuli upande wa nje, na ndani masanduku ya bati yamepangwa mbele yake hadi kifuani. Katikati ya vitanda nilipita kwa ubavu. Nikaulizia kizima-moto. Kipo, kwa matroni, kimefungiwa kabatini kwa sababu wasichana walikichezea muhula uliopita.

Nikaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu. Alinisikiliza kwa adabu, sina la kumlaumu hapo. Akanijibu kwamba ule mwongozo wa usalama wa shule wa 2008, wa wizara ya elimu, ni mwongozo tu, sheria ni kitu kingine. Kwamba vyuma viliwekwa kwa sababu ya wezi wa magodoro na wasichana waliokuwa wakitoroka usiku. Na kwamba bodi ndiyo iliyopitisha.

Mimi nilisoma bweni huko Pwani. Mwaka 1998 bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu lilipoungua na kuua wasichana 26, sisi shule jirani tulikuwa tukilala na viatu miguuni. Habari ilikuwa hii hii, vyuma dirishani na mlango uliofungwa.

Naibu yuko sahihi kwamba si sheria? Nani anaweza kuwalazimisha? Na nifanyeje binti yangu asianze kuitwa "yule wa mama mwenye kesi"?

mkazi_wa_kasarani

Dada, hamisha mtoto, mpeleke shule ya kutwa, umalize maneno. Ukingoja serikali utangoja sana.

mama_mitumba_thika

Nimeshafikiria hilo. Shule ya kutwa iliyo karibu nasi haina maabara ya maana, naye anataka sayansi. Halafu nikimtoa wangu, wenzake wanabaki mle mle. Nijibuni nililouliza, tafadhali.

fundi_karatina

Mama, mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Karatina. Sheria nitawaachia wenye sheria. Nitakueleza vyuma, kwa sababu naibu wako amekuambia nusu.

Endarasha iko kaunti yetu hii ya Nyeri. Septemba 2024 lile bweni la shule ya Hillside ya huko Endarasha lilipoungua na wavulana 21 wakafa, simu yangu haikupumzika. Kila shule ilitaka grili zitolewe kabla ya Jumatatu, maafisa wa wizara walikuwa wanapita. Tulikata hadi usiku, jenereta nje, watoto wamehamishiwa ukumbini. Kazi ya kukata ni ya haraka: grainda, diski, dirisha moja linaisha kabla chai haijapoa. Sasa sikiliza. Vyuma tulivyokata, shule nyingi hazikuviuza. Viliegemezwa ukutani nyuma ya jikoni, vimepangwa vizuri, vikubwa chini vidogo juu. Mtu anayeondoa kitu moja kwa moja hakipangi hivyo. Muhula wa kwanza ulipofunguliwa, simu zikaanza tena: fundi, tumeibiwa magodoro, njoo uturudishie.

Kwa hiyo kwetu mafundi kuna msimu wa kukata na msimu wa kurudisha, na katikati yake kuna mazishi. Ukitaka kujua kama amri inafuatwa, usiulize wizara, uliza karakana.

Kurudisha kwenye maktaba, stoo, maabara, naenda. Bweni siendi. Jirani yangu anaenda, naye ana watoto wa kulisha, na hakuna mtu wala karatasi inayomkataza. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko naibu wako.

Watakuja na hoja ya grili ya bawaba, ile inayofunguka kwa ndani kwa komeo. Nimezitengeneza. Mwaka wa kwanza zinafunguka. Halafu mpaka rangi anakuja likizoni anapaka juu ya komeo na bawaba, rangi inakauka, kutu inaingia chini yake, na mwaka wa pili mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuivuta hata mchana akiwa ametulia. Shule nyingine huongeza kufuli kwa sababu wasichana walijua kuifungua. Ndiyo maana mwongozo wenyewe haukusema grili nzuri au grili mbaya. Umesema dirisha la bweni lisiwe na vyuma, na lifunguke kwa nje kwa urahisi.

Siku nyingine ya wazazi beba futi ya kupimia. Kitanda na kitanda, mita 1.2. Njia ya kupita, isipungue mita 2. Mlango upana wa futi 5, ufunguke kwa nje, na usifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani. Mlango kila mwisho wa bweni, na mwingine wa dharura katikati, umeandikwa. Vizima-moto kwenye kila mlango wa kutokea, si kabatini.

mwalimu_magharibi

Nimesoma na nimenyamaza vya kutosha. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, si huko kwa mama, ni upande mwingine wa nchi, lakini ningeweza kuwa yule aliyemjibu.

Serikali inatoa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi mmoja wa sekondari kwa mwaka, nazo hazifiki zote wala kwa wakati. Tangu 2018 tuliambiwa kila mtoto aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari. Vizuri. Bweni liliongezwa? Bweni langu lilijengwa wanafunzi wachache, leo wamejaa hadi tumeweka vitanda pale palipokuwa sehemu ya kuanikia nguo. Fundi anasema mita 1.2. Nikipima mita 1.2 leo usiku, nusu ya wasichana watalala darasani, na kesho wazazi wao, pamoja na huyu mama, watanipigia simu kuuliza kwa nini mtoto analala darasani.

Jambo la pili hamlisemi. Moto wa bweni la shule ya Kyanguli mwaka 2001, uliofia vijana 67, ilikuwa petroli, na walioiwasha walikuwa wanafunzi. Tunaongea madirisha mwaka baada ya mwaka; kwa nini mtoto anataka kuchoma anapolala, hatuongei. Mkiondoa vyuma vyote nchini, yule mwenye petroli bado yupo.

fundi_karatina

Mwalimu, nakusikia kuhusu pesa na siwezi kukupinga, sijawahi kulipwa na shule kwa wakati hata siku moja. Lakini la pili silikubali. Aliyewasha moto ni kazi ya polisi na ya wazazi na ya washauri wa shule. Kule Kyanguli moto uliwashwa na wachache. Waliofia ndani walikufa kwa sababu hawakupata pa kutokea. Chuma hakiulizi nani aliwasha.

msaidizi_wa_sheria_nakuru

Mama Thika, nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria, si wakili, kwa hiyo hili ukitaka kulipeleka mahakamani tafuta wakili. Lakini maswali yako yana majibu.

Naibu yuko sahihi kidogo tu. Mwongozo wa 2008 ni waraka wa wizara, haukupitishwa na Bunge na ndani yake hakuna kifungu kinachosema mtu atatozwa faini gani. Akikuambia hapo ndipo mambo yanapoishia, si kweli.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 59, inaipa bodi ya usimamizi jukumu la kuhakikisha usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi. Hilo ni jukumu la kisheria. Sasa jiulize: jambo likifika kwa hakimu, bodi itapimwa kwa kipimo gani ikiwa serikali yenyewe ilishachapisha vipimo na kuvisambaza shuleni? Hapo mwongozo unapata meno ya kuazima. Na "bodi ilipitisha" si utetezi, ni ungamo. Muulize naibu kama iko kwenye kumbukumbu za kikao, uone anavyokohoa.

Sheria hiyo hiyo inawapa maafisa wa ubora na viwango mamlaka ya kuingia shuleni wakati wowote, kwa taarifa au bila taarifa. Mamlaka yapo na yanatumika, shida ni lini. Novemba 2024, baada ya Endarasha, wizara iliagiza sehemu za bweni katika shule za msingi 348 zifungwe kwa kutofikia viwango. Zile shule hazikuharibika kati ya Septemba na Novemba.

Kuna mlango mwingine ambao wazazi hawaugongi. Shule ni mahali pa kazi. Matroni analala mle? Basi ni pa kazi hata usiku. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamruhusu mkaguzi kutoa ilani ya kurekebisha, na hatari ikiwa kubwa, ilani ya kusimamisha matumizi kabisa. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zinataka ukaguzi wa moto kila mwaka na zoezi la kutoka nje wakati wa moto angalau mara moja kwa mwaka. Muulize binti yako mara ya mwisho walifanya zoezi lini. Jibu lake utalijua kabla hajamaliza kucheka.

Jambo la kuudhi: kwa Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini zimamoto ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne. Kwa hiyo mwenye gari la maji hana sauti juu ya mlango, na mwenye sauti juu ya mlango hana gari la maji. Andikia wote wawili.

Kuhusu binti yako. Usiandike peke yako. Bodi ina wajumbe sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, majina yao shule inayo. Barua iwe ya wazazi wengi na iulize, isilalamike. Tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: shule ya umma ina siku 21 kujibu, lakini habari ikihusu uhai wa mtu ni saa 48. Omba ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa moto na tarehe ya zoezi la mwisho. Wasipojibu, kuna Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman. Ombi la karatasi halimtaji mtoto wa mtu.

nesi_tyler_tx

Niko Tyler, Texas, miaka mingi sasa, na watoto wangu wamesoma huku. Nimeona kichwa cha uzi nikashindwa kupita, kwa sababu jimbo hili lina sheria mbili za usalama wa shule ninazozifahamu, na moja ilifaulu sana.

Si mbali na kwangu kuna mji mdogo unaitwa New London. Tarehe 18 Machi 1937 shule yao ililipuka mchana watoto wakiwa ndani, wakafa watu karibu 300. Haikuwa shule ya maskini, ilikuwa katikati ya visima vya mafuta. Walikuwa wameunganisha bomba lao kwenye gesi ya ziada ya visima ili wasilipe bili. Gesi haina harufu, ikavuja, ikajaa chini ya sakafu, na cheche ya mashine kwenye darasa la ufundi ikaiwasha. Hakuna aliyenusa kitu. Mwaka huo huo bunge la Texas likapitisha kwamba gesi itiwe kitu cha kunukisha. Ile harufu mbaya mnayoisikia jikoni mtungi ukivuja, hata Thika, desturi yake ilisambaa baada ya pale.

Sheria ya pili ni ya juzi. Mei 2022, Uvalde, mtu mwenye bunduki aliua watoto 19 na walimu wawili. Mwaka 2023 bunge likataka mlinzi mwenye silaha katika kila shule ya umma, na likatoa dola 15,000 kwa shule na dola 10 kwa mwanafunzi. Pesa hizo hazikutosha mshahara wa askari mmoja kwa mwaka hata kwa mbali. Wilaya za shule zikalalamika, na kwa kuwa sheria ilikuwa imeacha nafasi ya kuomba udhuru, nyingi ziliomba. Kwa hiyo mwalimu_magharibi, hata kwenye pesa kunakuwa hivyo hivyo.

Tofauti naiona hapa: ile ya 1937 haikumwambia mwalimu mkuu anuse mabomba. Iliwabana wenye gesi, na hao walikuwa wachache na walijulikana.

fundi_karatina

Nesi, umenipa neno nililokuwa nalitafuta tangu Endarasha.

Kila mara moto ukitokea, Bunge linaita watu, na anayebanwa ni "shule". Shule ni nani? Mwalimu mkuu amehamishwa, bodi imemaliza muda wake, matroni analia. Mimi nasema sheria inikamate mimi. Ndiyo, mimi mwenye mashine. Ipige marufuku fundi yeyote kuchomelea chuma kwenye dirisha la chumba anacholala mwanafunzi, awe wa karakana au kontrakta mkubwa, na atozwe yeye. Sisi si wengi katika kila mji, tunajuana, na kazi yetu haifichiki: cheche zinaonekana hadi barabarani. Kesho yake jirani yangu atasema hapana kwa sababu hataki kupoteza mashine yake. Mlango pia vivyo hivyo. Anayetengeneza mlango wa bweni unaofunguka kwa ndani asilipwe.

Na haihitaji pesa ya serikali hata shilingi moja. Kutokuweka vyuma ni bure.

mwalimu_magharibi

Fundi, hapo umenigusa, na nitakuongezea kitu ambacho hukijui kwa kuwa wewe hukaa upande wa kupokea. Vyuma hulipwa kwa vocha. Vocha inahitaji sahihi ya mwalimu mkuu na kumbukumbu za bodi, na kila mwaka mkaguzi wa hesabu za shule huipitia. Afisa wa ubora akija, tunampa chai, anaandika mapendekezo, anaenda. Mkaguzi wa hesabu akikuta malipo yasiyoruhusiwa, unayarudisha kutoka mshahara wako, na hakuna mwalimu mkuu asiyemjua mwenzake aliyerudishishwa. Sheria iseme kwamba kulipia grili ya bweni ni matumizi haramu ya pesa za umma. Mstari mmoja. Nakuhakikishia simu zako za Januari zitakwisha.

Kwenye shule za binafsi sijui mtafanyaje, hawana mkaguzi huyo.

Bado nasema kuhusu msongamano hakuna njia ya mkato. Mabweni yajengwe, au watoto wa karibu wasome kutwa. Hata hivyo mwambieni mama Thika aanze na madirisha na lile kufuli, hayo naibu mwenzangu anaweza kuyamaliza Jumamosi moja.

msaidizi_wa_sheria_nakuru

Kwa shule za binafsi mko karibu kuliko mnavyodhani. Zinasajiliwa na bodi ya elimu ya kaunti, na kaunti ndiyo inayozitoza leseni ya biashara na cheti cha zimamoto. Cheti kikikataliwa, shule haina leseni. Tatizo ni kwamba maeneo mengi cheti hupatikana kwa kulipa, afisa hajapanda hata ngazi ya bweni. Hapo sheria ingesema ripoti ya ukaguzi ibandikwe langoni, na picha ya kila mlango, mzazi aisome kabla hajalipa karo.

mama_mitumba_thika

Nimerudi na habari. Asanteni nyote, hata wa Kasarani.

Tuliandika barua kama wazazi wa kidato cha tatu, sahihi zikawa nyingi kuliko nilivyotarajia. Wale walioniambia ninyamaze walitia sahihi walipoona jina langu haliko la kwanza. Tukaomba ripoti ya ukaguzi wa moto na tarehe ya zoezi, tukaitaja ile sheria ya saa 48. Nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti na kwa ofisi ya zimamoto ya kaunti ile.

Ripoti hawakutupa, nadhani haipo. Lakini mwenyekiti wa bodi alimpigia simu mmoja wetu kabla wiki haijaisha. Kufuli la nje limetolewa na masanduku yamehamishwa, binti yangu amethibitisha kwa simu ya matroni. Vyuma vimekatwa kwenye mabweni mawili, mengine wamesema likizo fupi. Vitanda ni vile vile, mwalimu alisema kweli. Vizima-moto vimetundikwa mlangoni na kiranja amepewa kazi ya kuvilinda visichezewe.

Fundi, sasa nina swali kwako. Ule mlango wa pili unafunguka kwa ndani. Wanasema kuugeuza ufunguke nje haiwezekani kwa sababu nje kuna kingo ya saruji ya kuzuia maji, mlango utagonga. Ni kweli au wananizungusha?

fundi_karatina

Ni kweli kwamba utagonga, si kweli kwamba haiwezekani. Kingo hizo huwa za inchi chache tu. Wavunje kipande mbele ya mlango, upana wa mlango na nusu mita zaidi kila upande, waweke mteremko wa saruji ili maji yaende pembeni. Hapo wasiweke ngazi, mtu akitoka gizani akakanyaga hewa wenzake watamwangukia.

Kama mlango unafika futi 5, fremu isibomolewe. Bawaba zikatwe zihamishiwe uso wa nje, na zichomelewe kabisa, zisifungwe kwa skrubu, maana bawaba ikiwa nje mwizi ataijaribu. Kama haufiki futi 5, hapo itabidi fremu ipanuliwe, waongeze ubao wa pili uwe wa mbawa mbili, na lile komeo la juu na la chini la ubao wa pili wasiweke kabisa, kwa sababu ndilo huwa halifunguliwi. Wakikuambia bei, nitumie hapa nione kama wamekuzidishia.